Amri ya make clean: ifute nini, iache nini

Karibu. Fungua terminali ndani ya folda ya mradi wako wa C, tuandike sehemu ya usafi kwenye Makefile, faili yenye maelekezo ambayo programu ya make huyafuata kujenga mradi.

Kwa kila faili jiulize: nani aliizaa? Zilizozaliwa na make, kama main.o (msimbo uliokompailiwa), main.d (orodha ya faili ambazo main.o inazitegemea) na programu yenyewe, ni mali ya clean. Zilizozaliwa na skripti ya configure, inayoandaa mradi kwa kompyuta yako, kama config.h, config.status na Makefile yenyewe, ziachie distclean, amri ya usafi wa kina zaidi. Kazi iko kwa parser.c inayotolewa na Bison, programu inayozalisha msimbo wa C kutoka kwenye sarufi. Ndiyo, make ndiyo iliyoizaa, lakini kama unaisambaza ndani ya kifurushi cha toleo, iweke kwenye maintainer-clean, usafi wa mtunzaji wa mradi pekee. Anayepokea kifurushi huenda hana Bison. Akisafisha tu, hawezi kujenga tena.

Sasa andika (OBJS ni orodha ya faili zako za .o, DEPS ni ya zile za .d, na programu ni jina la programu yako):

.PHONY: clean
clean:
	rm -f $(OBJS) $(DEPS) programu

Mstari wa rm uanze kwa kitufe cha Tab. Ukianza kwa nafasi, make itagoma na kuandika "missing separator". Bila .PHONY, siku ikitokea faili iitwayo clean humo ndani, make itaona kazi imekwisha na haitafuta kitu. Tumia orodha ya OBJS, usiandike *.o: faili ya .o uliyopewa bila chanzo chake itaondoka nayo, na huna pa kuizalisha.

Tazama mstari huu kwa makini:

BUILD = build   # folda ya muda

Zile nafasi kabla ya alama ya reli (#) zimeingia kwenye thamani ya BUILD. Ukiandika rm -rf $(BUILD)/*, sheli inapokea rm -rf build /*. Itafuta build, kisha kila kitu kwenye diski ambacho una ruhusa nacho! Kinga ya rm kwa / haikuokoi, kwa sababu sheli imeshageuza /* kuwa /etc, /home na wenzake. Maoni yahamie mstari wa juu, na amri iwe rm -rf build, jina likiandikwa waziwazi.

Kabla ya kufuta, endesha make -n clean. Inachapisha amri bila kuzitekeleza. Isome neno kwa neno. Ukiridhika, endesha make clean, halafu git status, kama mradi unatunzwa kwa Git, mfumo wa kuhifadhi matoleo ya faili. Ukiona "deleted", umefuta faili ya chanzo: irudishe kwa git restore, rekebisha orodha, kisha endesha make upya.