Usiukate bado: jinsi ya kukagua mti, magonjwa yake na uyoga wa shinani

Karibuni watazamaji. Leo tuko Kileleshwa hapa Nairobi, kwenye ua wa mama mmoja aliyeniita nije nimkatie mjakaranda huu. Ni Septemba, mti umepukutisha majani yote, naye anaamini umekufa. Nimemwomba anipe saa moja kwanza. Fuatana nami hatua kwa hatua, na kama wewe ni fundi wa miti, chukua daftari.

Vifaa ni vichache: nyundo ya mpira, bisibisi ndefu, kisu kikali, lenzi ya mkono, futi ya kupimia, spiriti na kitambaa, bahasha za khaki, na simu ya kupiga picha. Msumeno ubaki garini.

Hatua ya kwanza ni jina la mti. Usitaje ugonjwa wowote kabla ya kujua unaongea na nani, kwa sababu kila mti una tabia zake, na tabia ya mmoja ni ugonjwa kwa mwingine. Mkaratusi hubambuka gome vipande virefu tangu uko mchanga. Hiyo ni kawaida yake. Mukinduri hugeuza majani yake makuukuu kuwa ya rangi ya chungwa kabla ya kuyaangusha, moja hapa, moja pale. Mugumo huteremsha mizizi ya hewani kama ndevu. Nimeshaitwa kutibu vyote hivyo vitatu, na mara zote mti ulikuwa mzima.

Sasa tazama huu. Watu huuchanganya mjakaranda na mkrismasi, ule wa maua mekundu, kwa kuwa yote miwili ina majani ya vijani vidogo vidogo kama manyoya. Majani yamekwisha, basi tutumie maganda. Okota moja hapo chini. Ni la mviringo, bapa, gumu kama mbao, na limepasuka kama kinywa. Huo ni mjakaranda. La mkrismasi ni refu kama ala ya panga. Sogeza kamera kwenye tawi: makovu ya majani yanakaa mawili mawili yakitazamana. Kwenye mkrismasi yangepishana, moja huku, jingine kule.

Ukikutana na mti mwingine, tumia hisi zako zote. Geuza jani: la mgrevilea, ule tunaouita mukima, limechanikachanika kama la jimbi na chini lina rangi ya fedha. Vunja kikonyo: kikitoa maziwa meupe na matawi yana mizizi inayoning'inia, huenda ni mugumo. Na mugumo tuuheshimu. Wengi mnaukumbuka ule wa Waiyaki Way uliookolewa usikatwe mwaka 2020, barabara ya Nairobi Expressway ikijengwa. Kwa kujifunza majina, sijaona darasa zuri kuliko Arboretum ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kigeni. Miti mingi pale ina vibao. Nenda asubuhi, funika kibao kwa mkono, jijaribu.

Hatua ya pili: je, uko hai? Futa kisu kwa spiriti, kisha kwangua kijitawi, ngozi ya juu tu. Unaona? Chini yake pana ubichi wa kijani na unyevu. Ningekuta rangi ya kahawia na ukavu, ningerudi nyuma kidogo kidogo kuelekea shinani hadi nikutane na uhai. Nimekwangua vijitawi vitano pande tofauti, vyote vibichi. Mama, mti wako haujafa. Mjakaranda hupumzika wakati wa kiangazi, na mwezi ujao utakupa maua ya zambarau.

Wengi wangeishia hapo, na mimi zamani niliishia hapo. Miaka kadhaa iliyopita niliukagua mti uliokuwa na kijani kibichi juu hadi chini, nikamwambia mwenyewe asiwe na wasiwasi. Mvua za Aprili zilipokuja uling'oka usiku mmoja na kuangukia ukuta. Hakuna aliyeumia, na hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Nilipofika asubuhi nikakuta mizizi ya upande mmoja imekuwa laini kama sifongo, na majani bado mabichi. Mti unaweza kunywa maji kwa mizizi michache iliyobaki huku ile ya kuushikilia imeoza. Tangu siku ile huwa napiga magoti.

Kwa hiyo hatua ya tatu, na ndiyo tutakayokaa nayo zaidi, ni shina pale linapokutana na udongo. Mti wenye afya hupanuka chini, unaiona mizizi mikubwa ikianza kutawanyika. Huu umezama wima kama nguzo ya umeme. Maana yake umefukiwa. Hapa wameweka kabro, yaani matofali ya kutandika uani, hadi kwenye gome lenyewe, na chini ya kabro kuna mchanga. Gome la shina halikuumbwa kukaa kwenye unyevu daima. Linalainika, linapasuka, na kuvu inapata mlango. Nimeomba ruhusa, natoa kabro hizi nane, nafukua taratibu kwa mkono.

Haya, sogea karibu. Mnakiona hiki upande wa geti? Kimejishikiza shinani kama rafu ndogo, kigumu kama mbao, juu kahawia, ukingo mweupe. Chini yake ni cheupe chenye vitundu vidogo sana. Vitazame kwa lenzi. Nikikwaruza kwa ukucha, mstari unageuka kahawia. Na huu unga wa kahawia kama kakao uliotapakaa kwenye gome na majani makavu ni mbegu zake. Hii ni ganoderma, kuvu inayoozesha mbao. Uyoga huu ni tunda tu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizoko ndani ya mti, na kwa kawaida zinakuwa zimefanya kazi miaka mingi kabla tunda halijatokeza nje. Ndiyo maana kuung'oa uyoga na kupaka rangi au simenti hakuponyi chochote. Unafuta alama, ugonjwa unabaki.

Tujue umefika wapi. Piga kwa nyundo ya mpira ukizunguka shina, kila upana wa kiganja, kutoka chini hadi kifuani. Sikiliza: hapa mlio mkavu, mfupi, hapa... kama ngoma. Tia alama ya chaki. Gome lililoachana na mti nalo hulia hivyo, kwa hiyo usihukumu kwa sikio peke yake. Chukua bisibisi, sukuma penye alama kwa nguvu ya mkono. Upande wa geti imezama sentimita 6. Pande nyingine tatu haiingii kabisa. Andika namba hizo.

Angalia pia kilichotoka kwenye ncha ya bisibisi: nyuzinyuzi nyeupe, laini, zenye maji. Huo ni uozo mweupe. Ungekuta mbao ya kahawia iliyopasuka vipande vya mraba na kusagika kama unga, huo ni uozo wa kahawia, na mimi huuogopa zaidi, maana mti wa namna hiyo huvunjika ghafla bila kupinda kwanza.

Kuna adui mwingine wa shinani lazima umjue: amilaria, kuvu inayoozesha mizizi. Wakulima wa chai wanamfahamu vizuri, na mukima pia hushambuliwa. Hapa mjini mtafute hasa palipokuwa na mti wa zamani uliokatwa na kisiki kikaachwa ardhini, kwa sababu hupita kutoka mzizi mfu hadi ulio hai. Inua kipande kidogo cha gome kwenye mzizi mkubwa. Ukikuta utando mweupe kama karatasi umetanda kati ya gome na mbao, na unanuka uyoga, ndiye. Hapa gome limeshikamana, mbao ni safi. Vizuri.

Msitishwe na kila kitu. Magamba haya ya kijivu na kijani kwenye shina ni kuvumwani. Yamekaa tu juu ya gome, hayauli mti. Vile vidude vidogo vyeupe vyenye umbo la upepeo kwenye tawi kavu pale juu ni uyoga wa mbao iliyokwisha kufa, ondoa tawi. Na usionje uyoga wowote.

Hatua ya nne ni juu. Simama mbali, umbali wa urefu wa mti, uzunguke. Je, kilele kimekauka? Kuna kirukia, yaani kichaka chenye majani tofauti kilichoota juu ya tawi? Kama nyaya za umeme zinapita humo, usipande. Ripoti kwa kampuni ya umeme, Kenya Power.

Kabla hatujaondoka, ua huu wa misaiprasi una mabaka ya kahawia. Fungua matawi. Ukahawia umeanzia ndani ukitoka nje, kuna masizi meusi, na chungu wanapanda foleni. Hao wanafuata utamu wa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Vidukari vya msaiprasi viliingia Kenya mwaka 1990 na bado vinatusumbua. Ingekuwa tawi moja limekauka lote, na chini yake gome limepasuka likitoa utomvu, ningeshuku kuvu ya vidonda. Dawa ya wadudu haiwezi kitu kwa kuvu, kwa hiyo usinunue dawa kabla ya kujua.

Sampuli sasa. Kata kipande penye mpaka wa kilicho hai na kilichooza. Kilichooza kabisa hakina jibu. Weka kwenye bahasha ya khaki. Plastiki huleta jasho na ukungu mwingine. Andika aina ya mti, tarehe, mahali, upande wa shina. Watafiti wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu Kenya, wako Muguga. Kwa jina la mti lililokushinda, peleka tawi lenye majani na ua au tunda kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa.

Kwa mama nimeshauri hivi. Gari lisiegeshwe tena upande wa geti. Kabro zisirudi, tuache duara la udongo wazi. Tupunguze uzito wa matawi ya upande huo, kwa kibali cha kaunti. Nimepiga picha ya ule uyoga nikiwa nimeweka futi kando yake: upana wake ni sentimita 14. Mvua za vuli zikiisha nitarudi, nisimame palepale, nisukume bisibisi kwenye alama zilezile za chaki, na nitawaonyesha namba mpya.