Tarehe 3 Machi, Mara Mbili
Mhadhara uliotolewa Malindi

Assalamu alaykum. Hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, sogeeni, viti vipo.

Wanaonijua wanajua nitasema nini leo, na nitalisema tena hadi mshike: wale waliouawa Hola walikuwa mateka wa vita, si wafungwa. Watu wa Malindi hawana haja ya kuelezwa Mtaliano ni nani. Ndege zake zilitupiga mabomu hapa tarehe 24 Oktoba 1940, na leo watoto wetu wanamwamkia "chao" njiani kama jirani. Mimi nawataka wale Wataliano wengine, walioletwa Kenya wakiwa mateka wa vita baada ya kushindwa na Mwingereza kule Uhabeshi na Somalia mwaka 1941. Waligawanywa katika kambi za bara: Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Naivasha, Londiani. Lile kanisa dogo la Mai Mahiu mnalolipita mkishuka bondeni ni kazi ya mikono yao.

Kule Nanyuki, kambi nambari 354, palikuwa na mateka mmoja, Felice Benuzzi. Kutwa yuko nyuma ya seng'enge, na Mlima Kenya uko mbele ya macho yake. Chakula alikuwa nacho, malazi alikuwa nayo, barua alikuwa akiandika. Kilichomtafuna ni siku zisizo na kazi, leo kama jana na kesho kama leo. Akakata shauri kuupanda ule mlima. Si kukimbilia kwao, maana angepita wapi? Alitaka apande, kisha arudi kambini ajisalimishe.

Sasa tazameni matayarisho, maana hapa ndipo ninapopapenda. Ramani hana. Picha ya mlima aliyoitegemea ilikuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Nyundo mbili zikafuliwa zikawa mashoka ya barafu. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu yalitoka kwenye mabati ya gari bovu na seng'enge yenyewe. Kamba je? Ni mkonge wa vitanda vyao, waliufumua uzi kwa uzi. Wakaweka akiba ya chakula kidogo kidogo kutoka posho yao, kwa miezi. Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka watatu: Benuzzi, daktari Giovanni Balletto, na Vincenzo Barsotti. Barsotti akaugua njiani, akabaki kwenye hema. Wawili wakajaribu kilele cha Batian, barafu na dhoruba zikawarudisha. Wakapanda kilele kingine, Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Kisha wakateremka, njaa imewamaliza, wakaingia tena kambini kwa miguu yao wenyewe.

Adhabu yao? Siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi aliwatoa baada ya siku 7, kwa sababu aliwastahi kwa ushujaa wao.

Zishikeni hizo siku 28. Mkataba wa Geneva wa mateka, uliotiwa saini tarehe 27 Julai 1929, unasema mateka aliyetoroka akakamatwa hapewi adhabu ya kifungo kinachozidi siku 30. Kumpiga ni haramu kabisa, Ibara ya 46. Yule mkuu wa kambi alikuwa mwema, sikatai, lakini juu ya wema wake palikuwa na karatasi.

Hata mkubwa wao, Amedeo wa Aosta, aliyetawala Uhabeshi kwa niaba ya mfalme wa Italia, alipojisalimisha Amba Alagi mwezi Mei 1941 alipewa heshima zote za kijeshi. Alifia Nairobi akiwa mateka, maradhi yamemwandama, tarehe 3 Machi 1942. Kaburi lake liko Nyeri, pamoja na askari wake, kanisa zuri limejengwa juu yao. Na ni haki yao. Maiti wa adui pia ni maiti wa watu.

Tarehe 3 Machi 1959, serikali ileile ya Mwingereza, nchi hiihii. Hola, si mbali, unapita Garsen tu. Wanaume 85 waliokuwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau walitolewa kwenda kuchimba mfereji wa mashamba. Hawakukubali kufanya kazi ile kwa lazima. Wakapigwa virungu. Watu 11 wakafa. Tangazo la serikali likasema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji! Uchunguzi ukaonyesha majeraha ya kipigo. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji yale.

Najua kuna atakayesema: Mwalimu, ile haikuwa vita, ilikuwa ghasia ya ndani. Haya, nijibuni. Ndege za Lincoln zilimwaga mabomu katika misitu ya Nyandarua na ya mlima uleule wa Benuzzi. Mabomu hayo ni ya polisi? Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa. Waingereza walilikataa jina la vita kwa makusudi, maana ukisema vita umesema mateka, na ukisema mateka, Geneva imeingia kambini. Wakawaita "wazuiliwa", mlango ukafungwa. Mwengine atasema Mwingereza alimwogopa Mtaliano, kwani naye alikuwa na watu wake mikononi mwa Italia. Kweli kabisa! Sisi tulikuwa na nani wa kuogopwa?

Bunge la London lilijadili Hola tarehe 27 Julai 1959, miaka 30 kamili tangu ule mkataba, siku kwa siku. Na mji wenyewe wakaubadilisha jina, ukawa Galole. Jimbo la uchaguzi linaitwa hivyo hadi leo.

Nilikusudia kuzungumzia kambi ya kizuizini ya Takwa, kisiwani Manda, na mateka wa Kiingereza waliozuiliwa Tabora na Wajerumani hadi 1916. Muda umekwisha, adhana iko karibu. Niseme hili moja.

Niliwahi kupeleka wanafunzi Hola. Tumesimama pale makaburini, jua kali, mchanga unachoma kupitia kandambili. Msichana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, hawa walikuwa wafungwa wa kosa gani?" Nilimwambia walikuwa mateka. Akalifuta neno "wafungwa" kwenye daftari, akaandika "mateka" juu yake, akaendelea kuandika.

Tarehe 3 Machi ijayo tunakwenda tena. Basi litaondoka alfajiri baada ya sala. Anayetaka kiti aandike jina lake kwa yule kijana aliyekaa mlangoni, na aje na maji ya kutosha, na kofia.