Birimbi na Kibua: Tunda Lisilosafiri

(Mhadhara uliotolewa Tanga mjini, Jumamosi alasiri, mbele ya wenye bustani za nyumbani na mama lishe)

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Kabla sijasema neno, sinia hiyo inayopita, kila mtu achukue birimbi moja. Msiling'ate kwanza, lishikeni tu mkononi.

Mmelishika? Liangalieni. Refu kama kidole, kijani, ngozi laini, ndani maji matupu. Ukiligusa kwa ukucha umeshalijeruhi. Haya nimeyachuma leo baada ya sala ya Alfajiri, na kesho kutwa mtayaona yamegeuka manjano, yamelegea, hayabebeki. Ndiyo maana nimeomba tukutane, kwa sababu birimbi halisafiri. Chungwa la Muheza hupakiwa kwenye lori likaenda mbali. Ndimu hukaa kapuni wiki nzima bila kulalamika. Birimbi hutoka uwanjani likaingia jikoni kwako, au jikoni kwa jirani, basi. Mti ukikatwa mtaani, ladha yake imehama mtaa, na sokoni hutaipata.

Nimekulia Ngamiani, hapahapa Tanga, uwanja wa nyuma ukiwa na mbirimbi mmoja uliolisha nyumba nne. Mtoto alitumwa na kikapu: "Nenda kwa bibi, mwambie mama anaomba birimbi za mchuzi." Hakuna aliyeuza, hakuna aliyenunua. Jioni bakuli la mchuzi lilirudi likiwa limefunikwa kawa. Nilipokuja kujenga kwangu, fundi akaniambia mbirimbi niliokuta kiwanjani utasumbua ukuta, nami nikakubali ukatwe. Miaka sita nilipika samaki kwa ndimu. Ndimu ni nzuri, sina ugomvi nayo, lakini kila nilipoonja nilijua kuna kitu hakipo mezani, na kwamba nilikiondoa mwenyewe.

Haya, sasa ng'ateni. Kidogo tu, ncha.

Naona nyuso zenu. Mate yamejaa, meno yameingia ganzi. Ukali huo si wa ndimu. Ndimu ina harufu yake inayotangulia, unaijua kabla hujaionja. Birimbi halina harufu kubwa. Ukali wake umenyooka, una ukijani kidogo kama wa nyasi, halafu unaondoka upesi. Kwa hiyo samaki anabaki na ladha yake. Ndimu humfunika samaki; birimbi humsafisha.

Mti huu si mwenyeji wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya mashariki mwa Indonesia, na Wamalei wanaita jamii yake belimbing, kwa hiyo mnasikia wenyewe kwamba jina na mti vimevuka bahari ileile. Wataalamu wa mimea wanauita Averrhoa bilimbi. Hilo neno la kwanza ni heshima kwa Ibn Rushd, mwanachuoni na tabibu wa Kurtuba, yaani Cordoba ya Hispania, aliyefariki mwaka 1198. Wazungu walimwita Averroes, na Linnaeus wa Uswidi akalipa kundi hili la miti jina lake. Mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba mti wa uani kwetu umebeba jina la mtu aliyefasiri vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, na kuandika kitabu cha tiba.

Watu wengi wa visiwani na pwani wameutumia kwa namna inayofanana. Shelisheli wanamchemsha papa, wanamchambua, wanamkamua, kisha wanamkaanga na kitunguu, manjano, ndimu na maji ya birimbi. Aceh, kule Sumatra, wanalitia chumvi na kulianika mpaka linakuwa jeusi, kisha ndilo linalotia ukali mchuzini mwaka mzima. Ufilipino wanalitumbukiza kwenye supu ya samaki. Watu hawa hawakukaa kikao wakakubaliana. Samaki mwenye mafuta anadai kitu kikali, na kikali kilichokuwa karibu ndicho kilichotumika.

Hapa niruhusuni niwapeleke mbali kidogo. Huko Uingereza na Ufaransa kuna tunda dogo linaloitwa gusiberi. Linaota kwenye kichaka chenye miiba, kimo cha kiuno, ni la mviringo, kijani, lina mistari kama ramani. Kwetu halistawi, linahitaji majira ya baridi ambayo mmea hupukutisha majani na kulala kwa wiki nyingi, na baridi hiyo hata Lushoto haipo. (Lile tunda la manjano lenye koti kama karatasi, mnaloliona milimani, wengine huliita gusiberi kwa Kiingereza, lakini ni ndugu wa nyanya, ni kitu kingine kabisa.) Gusiberi lenyewe wakulima wake hulichuma mara mbili. Mapema kiangazi chao kinapoanza, wanapunguza matunda mabichi, makali, wanayapika. Yaliyobaki mtini yanapata nafasi, yanajaa, yanakuwa matamu ya kula hivihivi. Katika kijiji cha Egton Bridge, kaskazini mwa Uingereza, tangu mwaka 1800 watu hushindana nani amekuza gusiberi zito kuliko wote.

Lakini kilichonifanya nilipende tunda nisilolilima ni hiki: Wafaransa wanaliita kwa jina la samaki. Ni kama kusema "zabibu ya vibua". Kwa sababu huko, sosi ya gusiberi bichi huliwa na samaki ambaye ni wa ukoo mmoja na kibua wetu. Mafuta yaleyale, ukali uleule. Mama wa Normandy na mama wa Ngamiani wamefika mahali pamoja kila mmoja kwa njia yake.

Tuingie jikoni basi. Nitawapa mchuzi mmoja kwa urefu, mengine nitayagusa.

Vibua sita, watoe matumbo, wachanje, wapake chumvi na manjano, wakae robo saa. Birimbi kumi, kata ncha, pasua kila moja kwa urefu mara mbili. Kuna Waswahili wanaoliosha kwa chumvi kulipunguza ukali. Mimi silioshi, napunguza idadi. Kuna nazi mbili: kamua kasimile, lile tui zito la kwanza, uiweke pembeni, halafu kamua tui la pili. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Birimbi linapikwa kwenye tui la pili, pamoja na kitunguu, thumu, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na nyanya moja tu. Nyanya mbili tayari ni ukali juu ya ukali. Liache lichemke mpaka birimbi ligeuke rangi, kutoka kijani cha jani kuwa kijani cha zeituni, na lilainike bila kusagika. Hapo weka samaki. Samaki akiiva, punguza moto kabisa, ndipo mimina kasimile, tikisa sufuria, usikoroge kwa mwiko, na usiache ichemke. Ukichanganya kasimile na ukali juu ya moto mkali, tui linakatika, unabaki na maji na mafuta. Kula na wali au ugali wa muhogo. Siku ya pili mchuzi huo ni mtamu zaidi.

Sufuria iwe ya udongo au ya chuma kisichopata kutu. Ukali huu unakula alumini, na chakula kinachukua ladha ya bati. Bibi zetu walijua nguvu yake: masinia ya shaba yalisuguliwa kwa birimbi na majivu, na doa la kutu kwenye kanga likatoka.

Achari: pasua, tia chumvi, anika kwenye ungo siku tatu za jua, kisha uwatu, haradali, pilipili na mafuta yaliyopashwa moto yakapoa. Chatne: birimbi mbichi, nazi iliyokunwa, pilipili, chumvi, kinuni. Hiyo ya pili iliwe siku hiyohiyo.

Sasa naomba utulivu. Kuna watu wanasaga birimbi wakanywa glasi nzima asubuhi, eti dawa ya presha, dawa ya mafuta kwenye damu. Msifanye hivyo. Ukali wa birimbi ni asidi ya oksaliki, na ikiingia nyingi kwa mkupuo inatengeneza chembe kama mchanga ndani ya figo. Mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, waliandika kuhusu wagonjwa 10 waliokunywa maji ya birimbi kama dawa ya lehemu, figo zikasimama ghafla. 7 kati yao walisafishwa damu kwa mashine. Vipande viwili vitatu kwenye sahani ya mchuzi ni chakula, na mababu zetu wamekula hivyo. Glasi ya maji yake ni jambo jingine. Na mwenye maradhi ya figo, au anayesafishwa damu, asiguse kabisa, si hili wala binamu yake lile tunda la pembe tano lenye umbo la nyota. Mkimjua mtu anayekunywa, mwambieni leo.

Kupanda si kazi. Mbegu itoke kwenye tunda lililoiva manjano likaanguka lenyewe, ioshwe, ipandwe siku hiyo. Mbegu iliyokauka huota kwa shida. Kwenye kopo lenye mchanga na samadi iliyooza, kivulini, mwagilia kidogo kila siku. Mche ukifika goti, uhamishie ardhini masika yanapoanza, Machi, ili mvua ikusaidie. Mahali pawe na jua, na maji yasituame. Mizizi ikilala kwenye tope, mti unakufa. Mbali na ukuta hatua tano au sita, na hiyo nasema kwa uchungu. Baada ya miaka michache utaona kitu ambacho watoto hawakichoki: maua madogo mekundu ya zambarau yanachomoza kwenye shina lenyewe, kwenye gome, na matunda yananing'inia hapohapo kama yamebandikwa. Mtoto wa miaka minne anachuma akiwa amesimama. Mzee haombi ngazi.

Nimeulizwa hapo mbele kama inafaa kufanya biashara. Achari, ndiyo, kwa sababu chupa inasafiri hata kama tunda halisafiri. Mbichi, hapana. Mbichi ni za kugawa.

Miche 18 iko pale mlangoni, chini ya mwembe. Mwenye uwanja achukue mmoja. Asiye na uwanja amtazame jirani yake mwenye uwanja, waondoke na mche mmoja wawili.