Mtoto wa Kupigiwa Mfano

Mhadhara kwa washauri nasaha, Moshi

Asanteni, kaeni jamani. Walionisikia mwaka jana wanajua nitasema nini, waendelee tu na chai yao.

Leo nazungumzia mtoto anayekimbilia kuwa namba moja ili kuficha jambo. Nianze na sebule. Kijana mmoja alinionyesha picha ya kwao kwenye simu, huku juu migombani. Ameniruhusu nisimulie, na mengine nimeyabadilisha. Makochi yametandikwa vitambaa vya kufuma, na ukutani kuna vyeti kumi na kimoja ndani ya fremu, vyote vya kwake. Yeye ni kitindamimba, kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, kitakuwa chake. Bati ameezeka yeye. Tanki la maji, yeye. Ada za watoto wa kaka zake, yeye. Desemba akija kutoka Dar anashusha mchele, mafuta na daftari, maana kila alichotoa amekiandika, hata shilingi elfu mbili ya chumvi. Nikamuuliza, baba, hili daftari la nini? Nani anakudai hesabu?

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, nikiteleza kidogo tu watauliza kulikoni. Wakiuliza watachimba. Wakichimba watanikuta."

Anapenda wanaume wenzake, na amejua tangu darasa la sita. Nasema "wanaume wanaopenda wanaume wenzao" kwa makusudi, ingawa ni refu. Lile neno fupi kule Pwani wanawake wanaitana kwa mapenzi. Sisi tumelifanya jiwe la kutupia watu.

Basi tangu darasa la sita, namba moja. Kidato cha pili akashika nafasi ya pili, ripoti akaisukuma chini ya godoro, akaugua wiki nzima. Baba yake alidhani malaria.

Namwona Baba Mchungaji anatabasamu. Najua swali lako: mama, hapa Kilimanjaro nani hatafuti? Kweli, Mchagga hahitaji siri ili atafute hela! Lakini mtazame mtu siku aliyoshindwa. Mtoto mwingine akishika nafasi ya pili atasemwa, atanuna, atakula makande, atalala. Huyu halali. Kwake namba moja ni kitasa cha mlango. Na ndiyo maana ukimsifu hashibi: anajiambia, wanamsifu yule wa kwenye fremu, mimi hawanijui.

Wala msiniambie ni mambo ya huku tu. Mwaka 2013 wanasaikolojia John Pachankis na Mark Hatzenbuehler walichapisha utafiti juu ya vijana wa kiume wa vyuo vikuu Marekani. Kadiri kijana alivyokaa muda mrefu na siri kama hii, ndivyo alivyozidi kupima thamani yake kwa mafanikio. Mnaosema "si bora afaulu, kuna ubaya gani?", niambieni kufaulu kulimkinga nani. Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, alifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza wakampa nishani mwaka 1946. Mwaka 1952 wakampeleka mahakamani kwa sababu ya uhusiano wake na mwanaume. 1954 alikuwa maiti. Msamaha wa Malkia ulitoka 2013!

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu nakijua, msinisomee. Kifungo cha maisha kimo humo. Kwa hiyo mteja akikwambia, funga mdomo, na faili lako lisiandike jina wala kijiji. Wala usimsukume akawaambie wazazi ili wewe ujisikie umefanya kazi. Kuna habari ya wanaojificha nyuma ya mazoezi ya mwili, na ya wale wanaojitwisha kila kamati kanisani, lakini naonyeshwa saa. Haya, nayaruka.

Nimalizie yule kijana. Desemba iliyopita alifika nyumbani na homa kali. Kwa mara ya kwanza mama yake alimlaza kwenye kochi, chini ya vile vyeti, akamletea uji wa ulezi, akakaa naye. Hakumuuliza mke wala tanki. Akamshika tu paji la uso.

Nikamuuliza, ulijisikiaje? Akasema vizuri sana, mama. Mama alipotoka kukata majani ya ng'ombe, aliinuka na homa yake, akaenda kuosha kikombe.