Wakili Aliyeketi Bila Kusema

Ndugu walimu wenzangu, nanyi viranja mliochaguliwa mwaka huu,

Mwaka 1888 kijana wa miaka 18, Mohandas Gandhi, ambaye baadaye aliwaongoza Wahindi kudai uhuru, alisafiri kutoka India kwenda London kusomea sheria. Alipokuwa mtoto alikuwa akitoka shuleni mbio hadi nyumbani, asije akakutana na mtu wa kuzungumza naye. Huko London chama cha watu wasiokula nyama kilimtia katika kamati yake, naye akahudhuria vikao bila kufungua kinywa. Siku aliyokuwa na hoja nzito aliiandika, lakini alishindwa kuisoma, ikabidi mwingine aisome kwa niaba yake. Aliporudi Bombay akiwa wakili, katika kesi yake ya kwanza alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, akaketi, na ile kesi ya ada ya rupia 30 akamwachia wakili mwingine.

Wengi wetu tungeandika katika ripoti kwamba kijana huyu hafai kuongoza. Mimi nimewahi kuandika hivyo kuhusu mwanafunzi mwenye soni, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 1893 Gandhi alipata kazi Afrika Kusini, na meli ikampitisha Lamu, Mombasa na Zanzibar. Kazi yenyewe haikudai ufasaha. Ilidai mtu wa kupekua madaftari ya wafanyabiashara wawili waliokuwa wakidaiana, naye akajifunza uwekaji wa hesabu hadi akaielewa kesi nzima, akawashawishi wapatanishwe na msuluhishi, kisha akamsihi aliyeshinda akubali kulipwa kwa awamu ili mwenzake asifilisike. Mjini Pretoria, muda mfupi baada ya kushushwa kwenye treni kwa sababu ya rangi yake, aliwakutanisha Wahindi waliokuwa huko, akatoa hotuba ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa ya kwanza maishani mwake. Ilihusu ukweli katika biashara, nayo alikuwa ameiandaa vizuri.

Kwa maoni yangu, kilichomfungua kinywa ni kulijua jambo kwa undani na kuguswa na dhuluma wanayotendewa watu wake. Hakusubiri kwanza soni imwishe. Ndiyo maana nasema tusimpime mwanafunzi mkimya kwa kumsimamisha ghafla mbele ya gwaride la asubuhi. Tumkabidhi daftari la fedha la chama au shauri la kusuluhisha bwenini. Na yule mwenye usonji (kwa Kiingereza, autism), ambaye makelele ya ukumbi humvuruga, apewe ajenda siku moja kabla na aruhusiwe kutoa hoja yake kwa maandishi, nayo isomwe kwa uzito uleule wa hoja iliyosemwa.

Gandhi aliandika baadaye kwamba soni ilimfundisha kutumia maneno machache. Hata alipokuwa akifuatwa na mamilioni, Jumatatu aliifanya siku ya kunyamaza, na aliyekuwa na shida naye alijibiwa kwa kikaratasi.