8-OH-DPAT na Vipokezi Vyake

Naona wengine mmeshaanza kucheka. Ndiyo, leo tena ni 8-OH-DPAT. Vumilieni.

Kemikali hii ilitoka Uppsala, Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hamtaikuta duka la dawa. Ni ya maabara tu. Serotonini ni kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwayo, na vipokezi ni sehemu za seli zinazoupokea ujumbe huo. 8-OH-DPAT ilisifiwa kwa kuamsha kipokezi kimoja cha serotonini, 5-HT1A, na kuviacha vingine vimelala. Mdunge panya aliyeshiba dozi ndogo: anarudi kula. Hapo ndipo mnapokunja uso, maana mmekariri kwamba serotonini hukata hamu ya kula. Lakini seli zinazotengeneza serotonini, kule kwenye shina la ubongo, nazo zina 5-HT1A, na kazi yake pale ni breki. Ukikiamsha, seli hazitoi serotonini kama kawaida. Yaani umeamsha kipokezi cha serotonini, na serotonini yenyewe imepungua! Pandisha dozi, panya yuleyule analala kifudifudi huku akikanyagakanyaga kwa miguu ya mbele. Sasa umefikia 5-HT1A vya seli zinazopokea serotonini. Kemikali ni ileile, kipokezi ni kilekile, na panya ni kama wawili tofauti. Halafu mtu ananiletea ripoti yenye dozi moja!

Joto la mwili nalo hushuka. Kwa miaka mingi, aliyeona joto limeshuka aliandika "5-HT1A" akaenda zake kunywa chai. Mwaka 1993 jeni ya kipokezi kingine cha serotonini, 5-HT7, ikatambuliwa, na kumbe 8-OH-DPAT inakiamsha hicho pia. Panya wadogo wasio na jeni hiyo walipopewa dozi ya chini, joto halikushuka.

Najua mtaniambia: "Mwalimu, si tuzibe 5-HT1A tuone?" Mtaziba kwa kitu gani, kwa WAY-100635, ile kemikali ya kuziba 5-HT1A? Hiyo nayo iligundulika inaamsha kipokezi cha dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe ubongoni, kiitwacho D4. Zibeni, sawa, ila pembeni muwe na SB-269970 inayozuia 5-HT7, na dozi ziwe kadhaa.

 Buspironi, dawa ya wasiwasi inayoamsha 5-HT1A, nayo kwa haraka: mgonjwa wa wasiwasi huingoja wiki kadhaa, na wengi tunadhani ni zile breki za 5-HT1A zinazochelewa kulegea. Haya, maswali. Si kuhusu mtihani.