Umio Ukishapanuliwa, Kazi Bado

ZUHURA: Karibuni tena. Kaka Baraka, kipindi kilichopita tuliongelea kostiki ya kutengenezea sabuni, ile watu wanayoiweka kwenye chupa ya maji, mtoto akaibugia. Leo tuseme kidonda kimefunga, kovu limebana umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na mtoto kapanuliwa njia hiyo kwa kifaa hospitalini. Ndiyo basi?

BARAKA: Hapo ndipo wengi wanapotupotea, dada Zuhura. Mama anaona mwanawe kameza wali, kliniki harudi tena. Kostiki huyeyusha ukuta wa umio mpaka kwenye msuli, kwa hiyo kovu lake ni nene na refu. Ukilipanua, linajikaza upya. Wengine wiki mbili tu, wameshabanwa.

ZUHURA: Wiki mbili!

BARAKA: Ndiyo maana mwanzoni tunawaita karibu karibu, halafu tunaachanisha. Kwa mtu mzima tunatafuta upana wa milimita 14 au 15. Chini ya 13, nyama inakukwamia. Na hatufiki siku moja, maana ukilazimisha unatoboa. Akirudi nyumbani akapata maumivu makali ya kifua, homa, au shingo ikavimba, hospitali usiku huohuo. Msingoje kukuche.

ZUHURA: Mnajuaje kama mtoto anaendelea vizuri?

BARAKA: Mimi naanza na uzito. Halafu namuuliza mama, anakula nini? “Anakula kila kitu.” Haya, ugali? Kumbe kila tonge analisukuma kwa maji, wenzake wameshanawa na kutoka kucheza, yeye bado yuko kwenye sahani. Huyo amebanwa tena.

ZUHURA: Na waliobanwa kwa sababu ya kiungulia cha miaka mingi?

BARAKA: Hao wana unafuu. Mara nyingi ni kipande kifupi. Akipanuliwa na akashika dawa za kupunguza asidi, uwezekano wa kubanwa tena unapungua sana. Tabu ni kwamba akipata nafuu, dawa anaiweka kabatini.

ZUHURA: Ikigoma kabisa?

BARAKA: Tukipanua mara tano, kila baada ya wiki mbili, na milimita 14 hatuioni, kovu hilo tunaliita sugu. Kuna sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kovu lenyewe, kuna mpira wa kushikilia njia kwa muda. Mwisho ni upasuaji, kipande cha utumbo mpana kinavutwa juu kichukue nafasi ya umio. Wengi wanakula, ila chakula hupanda, kwa hiyo wanalala wameinua kichwa.

ZUHURA: Sasa aliyekunywa kostiki utotoni, leo ni baba wa watoto?

BARAKA: Huyo asijisahau. Saratani ya umio inaweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye, na miongozo mingine inashauri kipimo cha kamera kuanzia miaka 15 hadi 20 baada ya tukio. Akianza kukwamwa upya ukubwani, asiseme ni kovu la zamani tu.

ZUHURA: Ya leo kwa mzazi?

BARAKA: Kila akipanuliwa, ombeni waandike kwenye kadi walifika milimita ngapi. Mkihamia mkoa mwingine, daktari mpya anaanzia hapo.